Tusikimbilie Kupiga Windows Upya

Mteja anayefika kwa fundi wa kompyuta mtaani akieleza kwamba laptopu yake haipati intaneti tangu ilipojisasisha usiku hujibiwa, mara nyingi kabla hajavuta kiti: “Hiyo tupige Windows upya,” yaani tuifute Windows iliyopo na kuisakinisha tena. Sikatai kwamba dawa hiyo huponya, kwani laptopu ikirudi jioni huwa inafungua tovuti kama kawaida. Ninachopinga ni kuitanguliza, kwa sababu mwenye laptopu hupoteza programu na mipangilio yake, na pengine mafaili ambayo hakuna aliyekumbuka kuyahamisha, ilhali chanzo cha tatizo hakijajulikana. Isitoshe, Windows iliyopigwa kutoka kwenye flashi ya zamani, mara itakapoonja mtandao, itaanza kupakua masasisho yote iliyoyakosa, likiwemo lile lile lililoleta kisirani.

Nayasema haya nikiwa nimewahi kuiomba dawa hiyo mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita programu ya kinga dhidi ya virusi niliyokuwa nikiitumia ilijisasisha, na tangu saa hiyo hakuna tovuti iliyofunguka, ingawa alama ya Wi-Fi ilionyesha kwamba nimeunganishwa. Nilimwomba fundi apige Windows, naye akaipiga, nikapoteza nyaraka za kazi za miezi mitatu nilizokuwa nimezirundika bila kuziwekea nakala, kosa ambalo ni langu wala si lake. Usiku nikairudisha programu ile ile ya kinga, ikajisasisha, na intaneti ikakatika tena. Nilipoizima kwa majaribio tu, tovuti zikafunguka papo hapo.

Baadaye nilikuja kujua kwamba kisa changu kilikuwa na kaka yake mkubwa. Mwaka 2008 mtafiti wa usalama Dan Kaminsky alibaini udhaifu katika DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za namba. Kila swali la DNS hubeba namba ya utambulisho ambayo ni moja kati ya 65,536 tu, kiasi ambacho mhalifu angeweza kuibahatisha na kuwapeleka watu kwenye tovuti bandia. Tarehe 8 Julai mwaka huo Microsoft na kampuni nyingine zilitoa marekebisho kwa pamoja, na kiini chake kilikuwa kuyafanya maswali hayo yatokee kwenye milango ya mtandao isiyotabirika. Watumiaji wa Windows XP waliokuwa na ZoneAlarm, programu ya kuchuja mawasiliano ya kampuni ya Check Point, waliamka hawana intaneti, kwa kuwa programu hiyo haikuutambua mwenendo huo mpya ikaufungia njia. Wengi waliling'oa sasisho la Windows, intaneti ikarudi, na udhaifu wa DNS ukarudi pamoja nayo. Kumbe ingetosha kushusha kiwango cha ulinzi cha ZoneAlarm kwa muda, hadi Check Point ilipotoa toleo lililorekebishwa siku chache baadaye.

Kwa hiyo, kabla ya kung'oa au kupiga chochote, napenda tuijue sehemu iliyokatika. Hatua ya kwanza ni kuiwasha kompyuta upya, na hapa pana jambo ambalo hata mafundi hulisahau: tangu Windows 8, kuzima kompyuta kwa kitufe cha Shut down mara nyingi hakuzimi kila kitu, kwa sababu kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili uwakaji ujao uwe wa haraka, hivyo hitilafu iliyolala nacho huamka nacho. Kitufe cha Restart ndicho kinachouanzisha mfumo upya kikamilifu. Desemba 2016, watumiaji wengi wa Windows 10, Uingereza ikiwemo, walipojikuta kompyuta zao hazipati anwani kutoka kwenye ruta, ushauri wa kwanza wa Microsoft ulikuwa huo huo: bofya Restart, si Shut down.

Isiposaidia, fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike ipconfig, amri inayoonyesha anwani ya kompyuta kwenye mtandao. Anwani inayoanza na 169.254 maana yake kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe, na kwa hiyo tatizo liko kati yake na ruta. Anwani ikiwa ya kawaida, tuma ping, yaani amri ya kupima kama upande wa pili unajibu, kwa ruta (anwani yake ipconfig huiandika Default Gateway), kisha kwa 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya seva ya Google, kisha kwa jina la tovuti yoyote unayoijua. Namba ikijibu na jina likashindwa, shida ni ya DNS, na hakuna sababu ya kumgusa dreva, yaani programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa kama kadi ya Wi-Fi, wala Windows yenyewe. Vyote vikijibu lakini kivinjari kikabaki kimya, mimi huanza kuishuku programu ya kinga au mipangilio ya proksi, seva ya kati ambayo mawasiliano hupitishwa kwanza. Na kama kadi ya Wi-Fi yenyewe haionekani, au ina alama ya njano kwenye Device Manager, orodha ya Windows ya vifaa vya kompyuta, sasisho huenda limemleta dreva asiyepatana nayo, na humo humo mna kitufe cha kumrudisha dreva wa awali.

Dreva wa awali asipopatikana ndipo watu wengi hukata tamaa, kwa kuwa wa kumtafuta yumo kwenye intaneti na intaneti haipo. Simu ya mkononi hulimaliza tatizo hilo. Iunganishe na kompyuta kwa waya wa USB, washa ugawaji wa intaneti kwa njia ya USB (USB tethering) badala ya hotspoti, na kwa simu nyingi za Android Windows itaiona kama kadi nyingine ya mtandao bila kumhitaji dreva wa Wi-Fi. Kumbuka tu kuuwekea muunganisho huo alama ya Metered connection, inayoiambia Windows kwamba data ina kikomo, la sivyo Windows inaweza kulitafuna bando lote kwa masasisho mengine wakati wewe unatafuta faili dogo tu.

Zipo pia amri za netsh winsock reset na netsh int ip reset, ambazo husafisha mabaki ya programu zilizojichomeka kwenye njia ya mawasiliano na kuirudisha mipangilio ya mtandao katika hali ya awali, na katika Windows 10 na 11 kipo kitufe cha Network reset, ambacho nakiweka mwishoni kwa sababu hufuta nywila zote za Wi-Fi zilizohifadhiwa. Kuling'oa sasisho nako kunakubalika, mradi uwe umethibitisha kwamba ndilo lenye kosa na uwe na nia ya kulirudisha likirekebishwa.

Lawama sizitupi zote kwa fundi. Mteja hulipia kazi anayoiona, na Windows mpya inaonekana, ilhali dakika ishirini za kupima na amri mbili zilizoandikwa humfanya aulize kwa nini atoe hela. Fundi wangu na mimi tumekubaliana bei ya kupima peke yake, nailipa hata akinirudishia laptopu bila kubadilisha kitu, na tangu wakati huo hajapiga Windows yangu hata mara moja.