Kaveera haina kazi ndani ya sufuria

Pita kwenye vibanda vya chakula Kampala saa za asubuhi, uombe kufunuliwa sufuria ya matoke. Mara nyingi utakuta kaveera, yaani mfuko wa plastiki, imetandazwa juu ya majani ya migomba, na kwa wapishi wengine majani yenyewe hayapo tena. Jambo hili linaniuma, kwa sababu chakula hicho ndicho tunachowapa watoto wetu.

Polithini laini, plastiki inayotengenezewa kaveera, iligunduliwa kwa bahati Uingereza mwaka 1933, na ni kitu kizuri kwa kazi yake. Haipitishi maji, hunyooka kabla ya kuchanika, tena ni nyepesi kuliko maji. Joto ndilo udhaifu wake. Huyeyuka kati ya nyuzi 105 na 115 za Selsiasi, na huanza kulegea mapema zaidi.

Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka karibu na nyuzi 96. Ndiyo maana mpishi huitoa kaveera ikiwa nzima na kukuuliza, "Haijayeyuka, mama, wasiwasi wa nini?" Mwombe akuonyeshe kingo zake. Pale ilipogusa ubavu wa sufuria juu ya maji, ambako moto wa mkaa hupanda kupita nyuzi 100 kwa urahisi, imejikunja, imekuwa ngumu, na kipande kimeganda kwenye chuma. Hicho kimeyeyuka.

Hata isipoyeyuka, shida ipo. Polithini safi haichanganyiki kirahisi na chakula, sibishi. Lakini kaveera ya sokoni ina rangi na kemikali za kiwandani, na nyingine imetengenezwa kwa plastiki zilizokwisha kutumika, hujui zilibeba nini. Joto huharakisha kemikali hizo kuhamia kwenye chakula, na chakula chenye mafuta huzipokea zaidi. Rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, inayotumbukizwa kwenye kaveera ikiwa ya moto kutoka kikaangoni ina shida hiyo hiyo.

Naelewa kwa nini wapishi wanaitumia. Mkaa ni ghali, majani nayo yanauzwa, na kaveera hushika mvuke vizuri. Ila majani mapana yaliyopitishwa motoni kidogo ili yasipasuke, yakapangwa tabaka mbili tatu na kukunjiwa ndani, kisha mfuniko mzito juu, hushika mvuke pia. Bibi zetu hawakula matoke mabichi.

Sheria ya Uganda imepiga marufuku kaveera zenye unene chini ya mikroni 30 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Naiunga mkono, lakini unene haubadilishi joto la kuyeyuka: kaveera nene iliyoruhusiwa dukani huyeyuka kwenye nyuzi zile zile. Maofisa wa afya wanaokagua masoko wafunue na sufuria, na anayepika kwa kaveera aamriwe kuitoa siku hiyo hiyo.