Mwanafunzi na siasa: nani kaandika bango?

Wanaotaka mwanafunzi akae mbali na siasa wana hoja nzito kuliko wengi wetu tunavyopenda kukiri. Mwaka wa masomo ukipotea kwa mgomo, hakuna chama kinachourudisha. Na anayefukuzwa chuo hufungasha mizigo peke yake, huku aliyemchochea akibaki na cheo chake.

China iliyaona hayo kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 1966 kiongozi wake, Mao Zedong, aliwapa baraka zake vijana wa shule na vyuo waliojiita Walinzi Wekundu. Masomo yalisimama, walimu wakapigwa na kudhalilishwa na wanafunzi wao wenyewe. Ilipofika mwisho wa 1968, vijana hao hawakuhitajika tena. Wakapelekwa vijijini kwa mamilioni, na wengi hawakurudi darasani kamwe.

Lakini hoja hiyo hiyo ipeleke Soweto, Afrika Kusini, uone inavyokwama. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma hisabati na masomo mengine kwa Kiafrikana, lugha ya watawala wa ubaguzi wa rangi. Polisi waliwafyatulia risasi. Hector Pieterson, mwenye umri wa miaka 12, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Nani angethubutu kuwaambia watoto wale wasome kwanza, siasa baadaye? Siasa ilikuwa imewafuata hadi kwenye daftari.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa Dar es Salaam, kwa sababu haukai upande wowote. Oktoba 1966 wanafunzi, wengi wao wa chuo kikuu, waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, utumishi wa lazima kwa wahitimu, likiwemo la kukatwa sehemu kubwa ya mshahara baada ya kuhitimu. Walikuwa wakitetea mifuko yao, tuseme kweli. Nyerere akawafukuza karibu 400. Ila walikuwa wamemwambia pia kwamba wakubwa wanaodai wengine wajinyime wanalipwa vinono, na hilo lilimchoma: siku ile ile akatangaza kuupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Februari 1967 Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa, likawakataza viongozi kupokea mishahara miwili. Sisemi Azimio lilizaliwa na maandamano yale, ila swali lao lilikuwa la haki hata kama nia yao haikuwa safi yote.

Ndiyo maana sikubali kumfungia mwanafunzi nje ya siasa. Apige kura akifika umri, abishane, aandike, aandamane kwa amani kwa jambo analolielewa. Ninachokipinga ni chama kuleta basi, fulana na posho, na bango ambalo aliyelibeba hakuliandika.

Vyuo navyo vina deni hapa. Mwanafunzi anayetuhumiwa kwa mgomo asikilizwe kabla ya kufukuzwa, apewe sababu kwa maandishi, na awe na mahali pa kukata rufaa.