Mashine ya CNC ya kujiundia: kwa taruma ndiyo, kwa jahazi zima bado

Wapenzi wa kuunda majahazi na nyumba za mfano hapa Mombasa wamegawanyika kuhusu mashine ya CNC, ile inayokata mbao kwa kuongozwa na kompyuta. Kuna wanaosema mwenye keekee, msumeno na subira anaweza kujiundia yake kwa chakavu na vifaa vichache vya kuagiza. Kuna wanaosema huko ni kujitafutia taabu: nunua iliyokwisha kuundwa, au shika patasi ukae kitako. Pande zote mbili hubishana juu ya bei, nami naona bei ndiyo sehemu nyepesi ya jambo hili.

Tuimalize upesi. Bodi ya Arduino Uno, yaani kompyuta ndogo ya bei nafuu, pamoja na GRBL, programu ya bure ya kuongoza mashine, na vidhibiti vya mota, zinatosha kuongoza mota tatu za mashine ndogo. Fremu unaweza kuiunda kwa plaiwudi nene au alumini. Upande wa pili ipo ile mashine ya mezani kutoka China inayoitwa 3018, jina lililotokana na eneo lake la kazi, milimita 300 kwa 180. Ukijumlisha usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16, bei uliyoiona kwenye simu siyo utakayolipa. Na kichekesho cha mji wetu ni kwamba makontena yanashuka Kilindini usiku na mchana, ila mota ya hatua, ile inayozunguka hatua moja moja iliyopimwa, huenda ukaiagiza Luthuli Avenue, Nairobi, ikuletewe kwa basi. Upo pia ushauri wa kuvunja printa kuukuu upate mota zake, nao una kasoro. Printa nyingi za wino hutumia mota za kawaida zinazosoma ukanda wa alama, si mota za hatua. Utaambulia vyuma vya mviringo na mikanda, mota utanunua.

Jambo zito ni uimara wa fremu. Chukua jahazi la mita 18 kwa kipimo cha 1:30: mfano wake una sentimita 60. Mkuku, uti wa chini wa chombo, wa namna hiyo hauenei kwenye 3018, itabidi uukate vipande na kuunga. Hapo mwenye kujiundia ana hoja, maana meza anaipima mwenyewe. Lakini fremu ikirefuka bila kuongezwa unene, hulegea.

Mota za mashine hizi kwa kawaida zina hatua 200 kwa mzunguko. Kila hatua ikigawanywa mara 16, na skrubu ikisogeza milimita 8 kwa mzunguko, unapata hatua ndogo 400 kwa kila milimita moja. Kwenye karatasi huo ni usahihi wa sonara. Sasa zima mashine, shika kisu chake cha kukatia kwa vidole viwili ukisukume kidogo pembeni. Kikicheza nusu milimita, zile 400 hazina faida yoyote kwako.

Nusu milimita inaonekana wapi? Tazama pengo la kwenye mkuku ambamo taruma, mbavu za chombo, hukaa. Plaiwudi yako ni ya milimita 3, kwa hiyo pengo linatakiwa liwe la milimita 3. Kisu kilichozoeleka kwa mashine ndogo ni cha 3.175. Kikipita mara moja tu, pengo limeshakuwa pana na taruma inayumba kabla hujatia gundi. Lazima upate kisu cha milimita 2, nacho ni chembamba, fremu ikitetemeka kinakatika. Hata kisipokatika, pembe za ndani za pengo zitabaki na mviringo, na tupa itakuwa bado mkononi.

Wapinzani wa mashine wana hoja nyingine ambayo sisikii ikijibiwa vizuri. Katika uundaji wa jadi wa pwani hii, kama ule wa Matondoni kule Lamu, mbao za ubavuni ndizo hutangulia, kisha taruma huchongwa kufuata umbo lililokwisha kupatikana, na fundi hutumia jicho badala ya mchoro. Mashine inageuza kazi hiyo: mchoro kwanza, taruma, kisha mbao. Utapata umbo la jahazi bila kujua jinsi jahazi linavyozaliwa. Kwa mtu anayetaka kujifunza chombo chenyewe, hiyo ni hasara kubwa kuliko fedha.

Hata hivyo, yeyote aliyekata taruma ishirini kwa msumeno mwembamba, akataka ya kulia ilingane na ya kushoto, anajua kwa nini watu wanaitamani mashine. Kazi hiyo ni ya kurudia, na haina sanaa ndani yake. Gubeti, ncha ya mbele ya chombo, na nakshi za tezi, nyuma yake, ni habari tofauti. Kisu kinachoshuka kutoka juu tu hakiwezi kuchimba chini ya ukingo, na kukunja mbao za ubavuni kunabaki kazi ya mikono.

Hali ya hewa yetu nayo ina usemi. Chumvi ya bahari inatia kutu vyuma vya reli visipopakwa mafuta, na MDF, ubao wa unga wa mbao, ikinywa unyevu hufura, kwa hiyo meza iliyonyooka leo huenda isinyooke masika. Umeme ukikatika katikati ya kazi, GRBL haijui tena kisu kiko wapi. Bila swichi za mwisho za kuirudisha sifuri, kipande kile ni kuni. Kelele na vumbi kwenye nyumba za Kibokoni zilizoshikana kuta, sina haja ya kueleza. Majirani watakueleza.

Kwa hiyo anayetaka jahazi moja la kuweka sebuleni asiunde mashine. Ampelekee mchoro mtengeneza mabango mwenye leza, alipie taruma zake, aziondoe weusi kwa msasa. Mwenye hamu ya majahazi mengi, au anayefurahia mashine kama mashine, ajiundie, lakini fupi na nene, mkuku akubali kuuunga. Fremu itoke popote, hata kwenye meza ya shule iliyotupwa. Skrubu na nati zake anunue mpya, tena nati za kubana mwanya kati yake na skrubu, kwa sababu hapo ndipo ile nusu milimita hujificha.