Bima ya bodaboda: pikipiki imekatiwa, dereva je?

Kaa kijiweni na vijana wa bodaboda, uliza habari ya bima, na mjadala utaanzia na kuishia mahali pamoja: kubwa, inayolinda hata pikipiki yenyewe, au ndogo, inayowalinda watu wengine tu. Wa bima ndogo watakuambia stika ya bei nafuu inatosha, maana trafiki anachokagua ni stika. Wa bima kubwa, wengi wao wakiwa wamewahi kuibiwa au kushuhudia mwenzao akinyang'anywa, watakuambia pikipiki ya milioni mbili na nusu au tatu haiachwi barabarani bila kinga. Kila upande una hoja yake, na nitazipima zote. Lakini kuna jambo ambalo pande zote mbili zinalipita, nalo ndilo litakaloamua maisha ya kijana wa miaka 20 anayeanza kazi hii: bima ndogo haigusi mwili wa dereva hata kidogo, na bima kubwa, kwa namna inavyouzwa mara nyingi, huugusa kwa kiasi kidogo sana kama itaugusa.

Tuanze na lisilo la hiari. Tanzania Bara, Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inakataza chombo kutembea barabarani bila bima inayowalinda watu wengine dhidi ya kifo au majeraha yatakayotokana na chombo hicho. Ndiyo bima ya mtu wa tatu, tunayoiita bima ndogo. Inamlinda mpita njia uliyemgonga na mwendesha baiskeli uliyemwangusha, na kwa bima nyingi zinazouzwa, hata gari la mtu ulilolikwaruza, hadi kiwango kilichoandikwa. Wewe uliyeshika usukani haikulindi.

Abiria wako je? Hapa ndipo vijana wengi wanapotembea na bima isiyo yao. Pikipiki ya matumizi binafsi na pikipiki ya kubeba abiria kwa malipo ni makundi mawili, na ada zake ni mbili. Ya biashara ni ghali zaidi kwa sababu abiria naye anahesabiwa. Wapo wanaokata ya binafsi ili kubana matumizi, na wapo ambao tajiri, yaani mwenye pikipiki, alikata ya binafsi siku aliyoinunua, kijana akapewa funguo bila kuambiwa. Trafiki anaweza asiulize. Abiria akivunjika nyonga, kampuni itauliza pikipiki ilikuwa kwenye kazi gani, na jibu lipo tayari kwenye maelezo ya polisi. Hata pale ambapo sheria inailazimisha kampuni kumlipa aliyeumia, inaweza kumgeukia aliyevunja masharti na kumdai irudishiwe fedha zake. Kwa hiyo kiasi kilichookolewa kwa kukata bima ya kundi lisilo lako ndicho akiba mbaya kuliko zote katika biashara hii, na kwa hili sioni hoja ya upande wa pili inayosimama.

Kuna na suala la kikomo, ambalo majirani zetu wamelionja. Kenya, Sura ya 405 imeweka ukomo wa shilingi milioni 3 za Kenya kwa kila mtu aliyeumia au kufa, na hukumu ya mahakama ikizidi hapo, kinachobaki kinamwangukia mwenye chombo. Uganda, sheria yao ya mwaka 1989 iliweka kikomo cha shilingi milioni 1 za Uganda kwa mtu mmoja, fedha ambayo operesheni moja ya mfupa huimaliza. Popote ulipo, usiseme "nina bima" mpaka umesoma imeandikwa kiasi gani.

Kabla sijahamia bima kubwa, kuna haki moja ambayo vijana wanaipoteza kila siku. Gari likikugonga wewe, na kosa likiwa la dereva wa gari, hapo wewe ndiye mtu wa tatu. Bima ya gari lile inapaswa kukulipa. Badala yake mambo huishia kandokando ya barabara: dereva anatoa laki moja au mbili, kijana ana maumivu na hofu ya kupelekwa kituoni, anapokea na kuondoka. Wiki mbili baadaye anaambiwa mguu unahitaji kuwekewa vyuma. Namba ya gari ipigwe picha, polisi waitwe, PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, ichukuliwe kabla ya matibabu au mapema iwezekanavyo baada yake, na namba ile ikaguliwe kwenye mfumo wa TIRA MIS, ambao Mamlaka ya Usimamizi wa Bima imeuweka wazi ili mtu yeyote ajue chombo fulani kina bima na imetolewa na nani. Haya hayahitaji ada, yanahitaji kijana ajue haki yake kabla ya kuanguka.

Sasa bima kubwa. Hoja yake yenye nguvu kuliko zote ni wizi. Dereva wa bodaboda anafanya kazi usiku, na watu asiowajua, wanaomwelekeza pembezoni mwa mji. Akinyang'anywa pikipiki aliyoikopa, deni halinyang'anywi pamoja nayo. Kijana huyo ataamka kesho bila chombo cha kazi na bado anadaiwa marejesho ya kila wiki. Kwa mtu wa namna hiyo, bima kubwa, au ile ya katikati inayojumlisha mtu wa tatu, moto na wizi, ni kinga ya kweli. Ile ya katikati haizungumzwi sana na mawakala, nadhani kwa sababu haiwapi kamisheni kubwa, lakini kwa bodaboda wengi ndiyo inayokaribiana zaidi na hofu yao halisi. Iulizie kwa jina.

Hoja ya upande wa pili nayo si ya ubahili, ni ya hesabu. Tuchukue mfano. Pikipiki ina thamani ya 2,800,000, na umepewa ada ya asilimia 6. Hiyo ni 168,000, ongeza VAT ya asilimia 18 unafika 198,240. Kwa kijana anayempelekea tajiri hesabu, yaani fedha waliyokubaliana, ya 10,000 kwa siku, ni karibu siku 20 za kumfanyia kazi mtu mwingine, na ada inatakiwa ilipwe kwanza ndipo bima ianze. Kisha soma sharti la kiasi ambacho mteja hubeba mwenyewe katika kila dai. Kikiwa laki moja, basi saiti mira iliyovunjika, indiketa, taa na usukani uliopinda katika anguko la kawaida vyote ni vyako, maana gharama yake haifiki huko. Kampuni nyingi huongeza kiasi hicho kwa dereva mwenye umri mdogo au mwenye leseni changa, yaani kwa kijana huyuhuyu tunayemzungumzia. Wizi wa kifaa kimoja kimoja, kama betri, kwa kawaida haulipwi isipokuwa pikipiki nzima imeibiwa. Na fidia hufuata thamani ya pikipiki siku ya ajali. Bodaboda inayokimbizwa alfajiri hadi usiku hushuka bei haraka, kwa hiyo mwaka wa pili kata kwa thamani mpya. Ukiendelea na thamani ya zamani unalipia fedha usiyoweza kulipwa.

Yapo pia masharti ambayo maisha ya kijiweni huyavunja kila siku. Leseni lazima iwe hai na ya daraja la pikipiki. Mishikaki, wale abiria wawili watatu kwa safari moja, inaweza kuzima dai zima. Ukimwachia mdogo wako asiye na leseni "azunguke kidogo", umeitoa pikipiki nje ya bima kwa muda wote huo. Ukiegesha ukaacha funguo imechomekwa, kampuni ina sababu ya kubisha. Bima kubwa inamfaa dereva anayeweza kuishi ndani ya masharti yake. Anayejua kwamba jioni atabeba mishikaki ajue pia kwamba anatupa ada yake.

Kwa hiyo mwelekeo wangu ni huu. Pikipiki ikiwa ya mkopo, au ikiwa ndiyo mtaji wote wa familia, mwaka wa kwanza bima kubwa au ya moto na wizi ina maana, hata ikiuma. Ikiwa imeshalipwa, imechakaa, na bei yake sokoni imekaribia nusu, bima ndogo ya biashara inatosha kwa upande wa chombo, na fedha iliyobaki iende panapohitajika zaidi, yaani mwilini.

Ninasema hivyo kwa sababu pikipiki ya milioni 2.8 hurudishwa, hata kama ni kwa miaka miwili ya kubanabana. Mguu uliovunjika vibaya humtoa dereva kazini miezi, na wakati mwingine moja kwa moja. Wodi za Taasisi ya Mifupa Muhimbili zimepokea majeruhi wa bodaboda kwa miaka mingi, na wengi wao ni vijana hasa wa umri wa kulea watoto wadogo. Ajali zao si zote za kugongwa. Kuna mchanga kwenye kona, kuna shimo lililojaa maji, kuna mbwa. Hapo hakuna wa kudaiwa, na bima ya mtu wa tatu haina mtu wa tatu wa kumlipa.

Kinachojaza pengo hilo ni vitu viwili tofauti. Bima ya afya inalipa hospitali. Bima ya ajali binafsi inalipa kiasi kilichoandikwa mtu akifa au akipata ulemavu wa kudumu, na baadhi yake hulipa pia gharama za matibabu hadi kikomo fulani, au fedha za kila wiki dereva akiwa amelala. Kijana anahitaji zote mbili, kwa sababu hospitali ikilipwa bado kuna kodi ya chumba na chakula cha mtoto. Ila bima ya ajali binafsi inataka macho makali: bima nyingi za aina hii zimeandikwa kwa wafanyakazi wa ofisini, na katika orodha ya visivyolipwa utakuta kuendesha pikipiki. Bodaboda anayeinunua bila kusoma ukurasa huo amenunua karatasi. Aombe kazi yake iandikwe waziwazi kwenye mkataba wa bima, hata kama ada itapanda.

Nimesikia wanaosema kijiwe ndicho bima yetu, mtu akiumia tunachanga. Ninaiheshimu sana hoja hiyo. Mchango unafika siku ileile, hauulizi leseni, hauhitaji barua, wakati kampuni inaweza kukuzungusha miezi. Ila mchango unakwenda vizuri kwa wiki ya kwanza na kwa msiba. Mwezi wa nne wa kulala kitandani, wenzako nao wana hesabu za kupeleka. Chama cha kijiwe kingefaa zaidi kikiwa mlango wa kukatia bima ya pamoja: watu 40 wakienda kwa kampuni kwa umoja wao wana sauti ya kujadili ada na masharti, na katibu mmoja anayejua nyaraka za madai anawasaidia wote. Mfuko wa dharura ubaki kwa ajili ya siku zile za mwanzo.

Limebaki la mkataba, na kwangu ndilo zito. Vijana wengi wanaendesha pikipiki ya tajiri, wakipeleka hesabu kwa mwaka mmoja au zaidi ili mwishowe iwe yao. Kadi ina jina la tajiri, bima ina jina la tajiri, na fidia ya pikipiki iliyoibiwa itakwenda kwa tajiri. Kijana aliyekwisha kulipa miezi kumi kati ya kumi na miwili anaweza kuambiwa aanze upya na pikipiki nyingine. Hilo halirekebishwi na kampuni ya bima, linarekebishwa siku ya kuandikiana. Mkataba useme bima ni ya aina gani, nani analipa ada, na fidia ikitoka itagawanywa vipi kulingana na kiasi ambacho kijana amekwisha kulipa. Tajiri anayedai bima kubwa ili kulinda mali yake, huku ada ikitoka mfukoni mwa kijana, anapaswa naye kuchangia bima ya ajali ya kijana huyo. Hesabu yake ya kila siku inatokana na mwili ule. Akikataa kuandika lolote kati ya haya, kijana ana haki ya kutafuta tajiri mwingine. Na kwa aliye na bima yenye jina lake, kampuni ikikataa dai lake bila sababu ya haki, Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima husikiliza malalamiko ya watu wa kawaida, na anaweza kwenda mwenyewe bila wakili, na nakala ya bima yake, PF3 na ripoti ya polisi mkononi.