Masizi ya Nyanya, Vitambaa vya Mama

Picha ya harusi ya nyanya imepauka mpaka imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Babu amebaki suti tu, uso umekwenda. Nikamwahidi nyanya nitamtengenezea nyingine isiyofifia milele. Mdomo huu!

Nilikuwa nimesoma kuhusu njia ya kale ya kuchapa picha kwa kaboni, ile ambayo Mwingereza Joseph Swan aliiboresha na kuipatia hataza mwaka wa 1864. Unayeyusha jelatini na sukari kwenye maji ya moto, unatia rangi, unamwaga kwenye karatasi, unaacha igande. Baadaye unaipaka dawa inayoifanya ihisi mwanga, unaianika juani chini ya negativu, ile filamu ambayo nyeusi huonekana nyeupe na nyeupe nyeusi, unaosha kwa maji ya vuguvugu. Palipopigwa na jua panabaki, kwingine kunayeyuka. Rangi yenyewe ni masizi, na masizi hayapauki. Nikamhubiria mama habari hiyo wiki nzima: "Mama, hii rangi haitoki!"

Kununua masizi dukani? Na jiko la nyanya kule Siaya lina masizi ya miaka mingapi darini! Nikakwangua mabati, nikakwangua matako ya sufuria, nikachekecha kwa soksi kuukuu. Nikarudi Kisumu na kopo zima la unga mweusi, laini kuliko poda ya mtoto.

Jumamosi, mezani sebuleni, maji nusu lita, jelatini gramu 50, sukari gramu 25. Masizi yalitakiwa gramu 3 au 4, maana yakizidi picha inakuwa nyeusi na nyeupe tu, hakuna kijivu katikati. Nikatia. Yakaelea. Nikakoroga kwa mwiko wa ugali, yakazama kidogo, yakaibuka yakiwa makavu kabisa, kama bata. Masizi yana mafuta; ukitaka yashikane na maji, kwanza yalainishe kwa spiriti. Hilo nililijua jioni.

Weusi mtupu nikauona mkali, nikataka hudhurungi ya kizee. Nikaongeza udongo mwekundu niliobeba kutoka Kakamega. Huo nao ukashuka moja kwa moja chini. Sasa nina sufuria yenye ghorofa tatu: juu masizi, kati maji ya sukari, chini shamba.

Nikajiambia ikianza kuganda vyote vitakwama vilipo. Lakini Kisumu saa nane mchana, nani anaganda? Jelatini inataka ubaridi. Nikavuta feni, nikaielekeza mezani, nikabonyeza namba tatu.

Kopo nilikuwa sijalifunika.

Halikuja wingu kubwa kama la sinema. Lilipita tu kitu kama kivuli, kikavuka meza, kikatua kwenye makochi. Mama ana vitambaa kumi na viwili alivyoshona mwenyewe kwa kroshia, vyeupe pe. Nikavikung'uta kimoja kimoja haraka haraka, vikaonekana afadhali, kijivu cha heshima hivi. Kabla sijafikiria kuvitoa, mlango ukabishwa. Chama cha mama, saa tisa kamili. (Siku nyingine zote huja saa kumi na moja.)

Nikakimbilia jikoni na sufuria yangu. Wakaketi, wakaegemea, wakahesabu pesa, wakanywa chai. Mweka hazina alikuwa ametoka kanisani na gauni jeupe.

Aliposimama kuaga na kutugeuzia mgongo, chumba kizima kikanyamaza. Mgongoni palikuwa na kitambaa cha mama: maua yote manane, petali kwa petali, hata vitundu vya uzi, vyote kwa weusi mwororo wenye vijivu katikati.

"Kuna nini?" akauliza.

Mama akanitazama mimi, si yeye.

"Wewe kijana. Ile rangi yako, ulisema inatoka au haitoki?"