Dirisha lisogee au litanuke?

Mwishoni mwa Januari 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 124 za Kenya. Ukitaka kutabiri bei ya mwaka mmoja mbele kwa njia nyepesi kabisa, unachukua wastani wa ongezeko la asilimia la kila mwezi na kuusukuma miezi 12. Swali gumu ni moja tu: wastani wa tangu lini? Kipindi cha data ya nyuma unachokitumia ndicho kinaitwa dirisha.

Dirisha linalosogea lina urefu usiobadilika. Mwezi mpya ukiingia, mkongwe kuliko yote unatoka. Linalotanuka halitoi mtu: lina mwanzo mmoja na linazidi kurefuka. Dirisha linalosogea la miezi 24, lililoanza dola ikiwa 110, lingekupa takriban 132. Linalotanuka tangu Januari 2010, dola ilipokuwa karibu 76, lingekupa 129. Mwaka huo mmoja ulipotimia, mwishoni mwa Januari 2024, dola ilikuwa karibu 160. Yote mawili yalibaki nyuma, lakini lililosogea lilikuwa limenusa mapema kwamba mambo yamebadilika. Hiyo ndiyo hoja kuu ya wanaolipenda, na ni hoja ya kweli: shilingi ya 2010 haikuwa na mzigo wa madeni iliokuwa nao ya 2023.

Sasa rudia zoezi hapo hapo kwenye 160, ukitabiri miezi miwili tu. Linalosogea, ambalo kwa miaka miwili halijaona kingine ila kushuka kwa shilingi, linasema 165. Linalotanuka linasema 161. Februari 2024 Kenya iliuza hatifungani ya dola bilioni 1.5 ili kulipa mapema sehemu ya deni la dola bilioni 2 lililokuwa liive Juni, hofu ya kushindwa kulipa ikapungua, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa takriban 132. Hakuna dirisha lililoliona hilo. Ila lenye kumbukumbu fupi ndilo lililokosea zaidi, maana lilidhani mteremko wa miezi 24 ni tabia ya kudumu.

Kinachonisumbua zaidi ni upana wa makosa, yaani bei halisi inaweza kwenda mbali kiasi gani na ile iliyotabiriwa. Tangu Agosti 2024 hadi Agosti 2025 dola ilitulia karibu na 129. Dirisha la miezi 12 linaloishia hapo linamwambia mwagizaji wa magari pale Mombasa kwamba hatari ya kubadilika kwa bei ni kama haipo. Linalotanuka bado linakumbuka anguko la shilingi la 2011 na mruko wake wa Februari 2024.

Halafu kuna urefu wenyewe. Nani kasema 24, si 36 wala 60? Anayejaribu kila urefu kisha akatangaza uliofanya vizuri amekwisha kuchungulia majibu; urefu uandikwe kabla ya kuangalia matokeo. Wachumi Clark na McCracken walionyesha mwaka 2009 kwamba kuchanganya utabiri wa madirisha yote mawili kunaweza kupunguza makosa, na kwa kadirio la kati, yaani ile bei moja unayoitabiri, sina ubishi nao.

Lakini kwa upana wa makosa sichanganyi. Mwagizaji ambaye gari lake liko melini na atalipa dola baada ya miezi miwili, ningempimia hatari kwa data yote tangu 2010, miezi mibaya ikiwemo, hata kama tarakimu itamfanya aweke akiba kubwa kuliko alivyotarajia.