Jina la bibi liende mbele, si katikati

Msajili wa kituo cha afya anapofika kwenye nafasi ya jina la kati, ndipo familia nyingi za Kigoma na Tabora zinapoanza kuvutana. Baba anataka jina lake. Mama ameshachagua la pili, la kanisani au la Kiislamu. Bibi anataka la marehemu dada yake lisipotee. Nafasi ni moja, na kitakachoandikwa hapo kitakwenda na mtoto mpaka shule, mtihani wa taifa na kitambulisho.

Wanaotaka nafasi hiyo iwe ya mtoto mwenyewe wana mfano mkubwa, tena wa mtu aliyesoma Tabora: Julius Kambarage Nyerere. Alizaliwa mwaka 1922, na Kambarage ndilo jina alilokua nalo tangu utotoni, likihusishwa na mvua. Julius alilipata kwa ubatizo mwaka 1943. Nyerere ni jina la baba yake, Chifu Nyerere Burito. Kwa mpangilio wa jina la mtoto, la baba, kisha la mwisho la baba, angeandikwa Julius Nyerere Burito, na Kambarage lisingekuwa na pa kukaa.

Hoja yao nyingine ni nzito zaidi. Cheti cha kuzaliwa tayari kina sehemu ya jina la baba na sehemu ya jina la mama. Sasa kwa nini baba aandikwe mara mbili huku majina ya Kinyamwezi na Kiha yakikosa nafasi? Mapacha Kulwa na Doto na Shija anayezaliwa baada yao, mapacha Bukuru na Butoyi wa upande wa Kigoma na Chiza anayewafuata: majina haya yanaeleza mtoto alivyozaliwa na nani alimtangulia. Yakiachwa kwa vizazi viwili, habari hiyo nayo inapotea.

Nakubaliana nao kuhusu thamani ya majina hayo. Kuhusu mahali pa kuyaweka, sikubaliani.

Sehemu ya jina la baba ipo kwenye cheti cha kuzaliwa, lakini mtoto hatembei na cheti hicho kila mahali. Rejesta ya darasa na cheti cha Baraza la Mitihani (NECTA) hubeba majina ya mwanafunzi peke yake. Huko uhusiano wake na baba unaonekana kwa jina la kati na la mwisho tu. Tuseme baba ni Hamisi Juma Chiza. Mtoto akiandikwa Asha Hamisi Chiza, na mdogo wake Salumu Hamisi Chiza, mtu yeyote anaona ni wa baba mmoja. Akiandikwa Asha Rehema Chiza, kinachowaunganisha na mdogo wake ni Chiza peke yake, jina ambalo nyumba kadhaa za kijiji hichohicho zinaweza kuwa nalo. Siku ya mirathi, au ya kufuatilia mafao ya baba aliyefariki, familia itabidi ieleze kwa maneno jambo ambalo jina lingelionyesha lenyewe.

Kwa familia za Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko kuna uzito wa ziada. Kiha na Kirundi cha Burundi ni lugha ndugu, majina yanafanana, na wapo wazazi wanaoyakwepa majina ya kwao kwa kuhofia maswali ya uraia mtoto atakapoomba kitambulisho. Inauma mzazi kufikia hapo. Lakini kumwita mtoto Kelvin hakumwondolei maswali. Anachohitaji ni vyeti vinavyofuatana: jina la kati la mtoto liwe jina la kwanza la baba, la mwisho liwe lilelile la kwenye kitambulisho cha baba, herufi kwa herufi. Mlolongo huo ukikamilika, jina la kwanza linaweza kuwa la Kiha kabisa.

Kwa Waislamu wa Ujiji na Tabora mjini jambo hili lina msingi wa dini pia. Aya ya 5 ya Sura Al-Ahzab inaagiza watu waitwe kwa baba zao. Zamani ilitamkwa wazi, Fatuma binti Hamisi. Siku hizi neno binti limeachwa katika maandishi, Hamisi amebaki palepale.

Kwa hiyo jina analolitaka bibi liende mbele. Nafasi ya kwanza ndiyo pekee iliyo ya mtoto mwenyewe, na ndiyo inayoitwa kila siku. Jina la katikati hufupizwa likawa herufi moja, na mwalimu halitaji. Hata Kambarage lilikuwa la mbele mpaka Julius alipokuja kulisogeza. Mzazi anayetaka jina la dini naye ana njia: litumike kanisani au msikitini bila kuingia kwenye cheti, au liwe la kwanza kwa mtoto huyu na la ukoo liwe la kwanza kwa anayefuata. Majina mawili kwenye nafasi moja siyashauri. Fomu moja itachukua yote mawili, nyingine itachukua la kwanza, na hapo mtoto ana majina tofauti kwenye vyeti viwili.

Pale ambapo baba hayupo au hakubali mtoto, kanuni hii inalegea. Wengi huweka jina la babu mzaa mama, na ni uamuzi wa busara, kwa kuwa mlolongo unaungana na vyeti vya mama. Kosa ni kuandika jina la mwanamume yeyote ili nafasi isionekane tupu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya jina na pia ya kuwajua wazazi wake waliomzaa. Jina la kubuni linamharibia haki hiyo ya pili.

Makosa mengi hata hivyo hayatokani na uchaguzi wa jina. Yanatokana na maandishi. Usajili wa watoto wa chini ya miaka mitano hufanyika kituo cha afya au ofisi ya kata, na cheti hujazwa kwa mkono. Msajili huandika anavyosikia. Kulwa anakuwa Kurwa, Bukuru anakuwa Bukulu, Doto anaongezewa t, Chiza anaandikwa Ciza kama ng'ambo ya mpaka, Saidi anapoteza i ya mwisho. Kosa jingine ni jina la kijiweni: baba anajulikana mtaa mzima kama Mashaka, mama anataja Mashaka, kumbe kitambulisho chake kinasema Emanueli.

Tofauti hizo hukaa kimya kwa miaka, kisha huibuka kijana anapoomba mkopo wa elimu ya juu na kutakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili. Hapo familia inaanza safari za ofisi ya Mkuu wa Wilaya na kwa wakili kwa ajili ya kiapo au hati ya kubadili jina, huku dirisha la maombi likikaribia kufungwa.

Kinga yake ni karatasi moja. Kabla ya kwenda kusajili, ndani ya siku 90 za kuzaliwa, nakili jina la baba kutoka kwenye kitambulisho chake cha taifa (NIDA) kwa herufi kubwa, andika jina la mtoto juu yake, kisha mpe msajili karatasi badala ya kumtamkia. Cheti kisomwe palepale dirishani, herufi moja moja, na kama ni mapacha visomwe vyote viwili kwa pamoja, maana Kulwa na Doto wakitofautiana jina la baba, shule itawaandikisha kama watoto wa nyumba mbili.